Nyongeza ya Mita na Nusu

Usiku wa jana niliota sufuria ya maharagwe amekalia kiti changu, kile cha karibu na dirisha la jikoni ambacho hata marehemu mume wangu hakuthubutu kukikalia. Amekunja nne. Miguu aliitoa wapi sijui, na ndotoni sikuuliza.

"Mama Wakesho," akaniambia, "nasikia kesho naenda kwa Musyoka."

Nikamwambia ndiyo, ni kweli. Sina kawaida ya kudanganya vyombo.

Hilo la Musyoka halikuwa la ndoto. Musyoka ni mnunuzi wa vyuma chakavu hapa Voi, na nilikuwa nimemwambia aje asubuhi na mkokoteni wake achukue sufuria, meko, viti, kila kitu. Nilikuwa nimeamua kufunga hoteli. Sufuria ile aliinunua mama yangu kabla sijaolewa, ndani yake wanaenea watoto wawili wakioga, na imepikia madereva wa malori wa barabara hii mpaka wengine wamezeeka. Lakini sufuria haipikii hewa.

Ugonjwa ulipoingia tukaambiwa watu wasikae hotelini. Waje, wachukue chakula, waondoke, na kila mmoja akae mbali na mwenzake mita moja na nusu. Nikatii. Nikainua viti juu ya meza. Nikachora mstari wa chaki sakafuni, kutoka miguuni pangu hadi mahali pa mteja kusimama, nikaupima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani. Nikanunua vikopo vyenye vifuniko. Wateja wakaja siku za mwanzo, wakapungua, wakaisha.

Watu husema ni ugonjwa. Mimi najua ni nyongeza.

Kwangu, mtu akifika nusu ya maharagwe yake huinua bakuli, hasemi kitu au anapiga kelele, kulingana na malezi yake, nami humwongezea upawa mmoja wa mchuzi bure. Ndiyo nyongeza hiyo. Sasa ukishafunga kifuniko na mtu akashika njia, nyongeza utaitia wapi? Nilijaribu kuitia mapema, kabla ya kufunga. Bwana Righa, fundi wa breki, mteja wangu wa miaka yote, akafungua kikopo chake, akachungulia, akakifunga kwa huzuni. Akasema, "Mama, hiki ni chakula. Nyongeza iko wapi?" Nikamwambia iko humo humo, imechanganyika. Akasema iliyotiwa mwanzoni si nyongeza, hicho ni kipimo. Niliudhika, lakini alikuwa na haki.

Turudi ndotoni. Sufuria bado yuko kwenye kiti changu.

"Kwa Musyoka nitakatwakatwa," anasema. "Nitakuwa misumari."

"Misumari ina kazi nzuri," namwambia. "Inashika nyumba."

"Wewe ungependa kuwa msumari?"

Kabla sijamjibu mlango ulifunguliwa akaingia Kipima Joto, kile chenye umbo la bunduki wanachokuelekezea kwenye paji la uso. Alikuwa mrefu kama mlango, amevaa kofia na tai, na viatu vyake vimepigwa rangi vizuri. Akanielekezea pua yake. Akalia pii.

"Thelathini na sita na nusu. Wewe mzima. Kaa hapo." Akamgeukia sufuria, akainama, akapima maharagwe. Akaruka nyuma. "Tisini na tano! Huyu ana homa kali!"

"Ni maharagwe," nikamwambia. "Ndio kwanza yametoka motoni."

"Ndivyo wanavyosema wote. Ametoka wapi? Motoni. Amekutana na nani? Kitunguu, nyanya, nazi. Wote karantini."

"Bwana mkubwa, maharagwe yakiwa na thelathini na sita hayo ni ya jana!"

"Nani mwingine ana dalili?" akauliza, na nyuma yangu ugali ukaanza kukohoa. Nilimgeukia kwa hasira. Alikuwa mzima tangu asubuhi, lakini akiona mgeni lazima ajitie ugonjwa. Chapati zilikuwa zimevaa barakoa, zimejipanga kimya, kila moja ikijifanya haimjui mwenzake.

Tukajikuta wodini.

Ilikuwa wodi ndefu, yenye vitanda pande mbili, na juu ya kila kitanda imelala hoteli. Hoteli nzima, na bati lake na maandishi yake. Hoteli ya Mama Mkamburi wa stesheni imelala chali, mdomo wazi, kibao chake cha KARIBU kikining'inia. Kibanda cha samaki cha Bwana Mwakio kimelala ubavu na bado kinanuka vizuri. Nesi ni Birika, mnene, mwenye kofia nyeupe. Anapita kitanda hadi kitanda akiwatundikia dripu za chai.

Ya kwangu ilikuwa kwenye kitanda cha mwisho. Wamemfunika blanketi hadi kwenye dirisha. Nikamgusa ukuta. Ulikuwa wa baridi, yeye ambaye ukuta wake wa jikoni nimeuegemea asubuhi zote za baridi, mgongo ukapona. Nililia, sikatai. Nilimlilia vile ambavyo sikujua ningeweza kulilia matofali.

"Anaumwa nini?" nikamuuliza Birika.

"Hajala."

"Hoteli hula nini?"

"Watu," akasema Birika, kama mtu anayetaja uji. "Hasa wenye kelele. Huyu wako alizoea fundi mmoja wa breki."

Na kweli, kwenye ujia nikamwona Bwana Righa, na nyuma yake madereva, makanga, walimu, mpaka yule padri anayependa pilipili. Kila mmoja na bakuli mkononi. Hakuna aliyesogea. Kati yao na kitanda alikuwa amelala mtu mweupe, mwembamba sana, na kila mara mtu akiinua mguu yeye husema, "Nipo."

Akasimama kunisalimu. Alinifika kidevuni. Alikuwa wa chaki mwili mzima, akitembea anaacha unga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Wako. Ulinichora. Naitwa Mita na Nusu."

Nilimtazama. Kichwa chake kilipinda kidogo upande wa kushoto, na nikakumbuka kwamba siku ile ya kuchora nilipiga chafya.

"Wewe ndiye uliyenifukuzia wateja," nikamwambia.

"Mimi?" Akaumia kweli. "Mama, mimi umenilaza sakafuni. Wananikanyaga, wananilaani, wanachukua chakula wakinipita juu. Kazi yangu ni kuwa katikati ya watu, na hakuna aliyewahi hata kuniuliza nimekula nini."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Sufuria, aliyekuwa amelazwa kitanda cha jirani na kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, akanyanyua kichwa.

"Mita na Nusu," akaita, "sheria yako inasemaje hasa?"

"Niwe kati ya mtu na mtu."

"Ulale?"

Mita na Nusu akafikiri mpaka chaki ikamdondoka. "Kulala haikusema."

Nikaelewa. Nilielewa haraka mpaka nikajicheka. Nikachana ukingo wa leso yangu, nikauchukua upawa, nikaufunga kwenye kiganja chake cha mbele, mafundo mawili, na miguu yake nikaishika mimi. Sasa alikuwa kati yangu na wateja kama sheria inavyotaka, urefu wake wote, hajapungua hata ukucha. Ila kwenye ncha yake kulikuwa na upawa.

"Bwana Righa!" nikaita. "Chakula hicho!"

Upawa ukaingia kwa sufuria, ukapanda, ukavuka, ukajaza bakuli. Bwana Righa akala. Wodi nzima inamtazama, hata hoteli ya Mama Mkamburi amegeuza kibao. Anafika nusu. Anasimama. Polepole anainua bakuli.

"Mama!" anapiga kelele. "Nyongeza!"

Nami namwongezea! Mchuzi unapita hewani juu ya mita moja na nusu, haudondoshi hata tone, unatua katikati ya bakuli lake. Bwana Righa anafumba macho. Nyuma yake wanaanza wote, nyongeza, nyongeza huku, Mama usinisahau, na padri anauliza pilipili imefichwa wapi.

Kipima Joto akaja mbio, tai begani. "Nani ameruhusu?"

"Pima," akasema sufuria.

Akapima umbali. Ulikuwa umetimia. Akapima wateja, wote wazima. Mwisho akamwinamia mgonjwa wangu kwenye kitanda cha mwisho, akampima dirishani, akalia pii.

"Thelathini na sita na nusu," akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Hoteli hii imepona." Kisha akasogea karibu nami, akanong'ona, "Na hiyo nyongeza, lazima mtu awe na bakuli?"

Nikamwambia lazima. Akavua kofia, nikamtilia humo.

Hoteli yangu akatupa blanketi. Akakaa, akajinyoosha bati likalia, akateremka kitandani. Kibanda cha samaki kikaamka, kikatoka mbio bila kuaga. Mama Mkamburi mwenyewe, aliyekuwa amekuja kumwona mgonjwa wake, alipoona hoteli yake inacheza kati ya vitanda, milango inafunguka na kufungika kwa mdundo, alishika kiuno akasema, "Ati huyu ndiye nilikuwa namtafutia jeneza!" Tukacheka sana. Dakika hiyo hiyo hakuna tena wodi, tuko barabarani kwetu, malori yamesimama mstari mrefu, madereva wananyoosha mabakuli kupitia madirishani, na mimi navuta na kusukuma upawa kama mtu anayepiga kasia.

Watu walipopungua nikasikia sauti ndogo.

"Mama. Na mimi?"

Niliona haya. Nikamkalisha Mita na Nusu kwenye kiti changu, kile kile cha dirishani. Nikampa maharagwe, kwanza chakula, kisha nyongeza, maana bila chakula nyongeza haina mahali pa kukaa. Kwa vile ni mwembamba, kila harage lilionekana likishuka mwilini mwake, moja moja, kichwani, kifuani, tumboni. Moja likakwama karibu na mwisho.

"Likikwama hapo si utaumwa?" nikamuuliza.

"Aa, hilo litashuka asubuhi," akasema kwa raha. "Mama, usiku mwema. Mimi nakwenda kulala nje. Kule ndiko watu waliko."

"Hodi! Mama Wakesho! Hodi!"

Hiyo ilikuwa sauti ya kweli. Kumekucha. Nilikuwa kitandani kwangu, chumba cha nyuma ya hoteli, na Musyoka alikuwa mlangoni na mkokoteni. Nikajifunga leso, nikapita jikoni. Sufuria alikuwa mahali pake juu ya meko, hasemi kitu. Nikafungua mlango.

"Pole kwa kukuamsha," akasema Musyoka. Alikuwa anatazama chini. "Lakini mama, huku nje nani amechorachora?"

Kwenye saruji, chini ya dirisha la jikoni, kulikuwa na mstari mweupe wa chaki. Ulianzia ukutani ukaelekea barabarani, na mwanzoni ulipinda kidogo kushoto. Kwenye mwisho wake kulikuwa na harage moja.

Niligeuka nikatazama ndani. Sakafu ilikuwa safi. Pale nilipochora mstari wangu hapakuwa na hata unga.

Nikaingia jikoni, nikachukua upawa, nikachukua ufagio, nikauvunja ufagio kwa goti nikabaki na mpini. Nikawasha meko. Musyoka alinisubiri kwanza, baadaye akaja dirishani kuchungulia, mikono nyuma.

"Mama, si nimekuja kuchukua sufuria? Iko wapi?"

"Iko kazini," nikamwambia, huku nikikaza fundo la pili la upawa kwenye mpini. "Rudi nyuma usimame mwisho wa huo mstari, na usinikanyagie mtoto. Bakuli umekuja nalo?"