Nyundo ya Colby

"Mpini uko wapi?" Lavonne aliuliza.

Burdette alikuwa ameshika kichwa cha nyundo, bado kina joto, na swali halikumwingia. "Mpini gani?"

"Wa nyundo ya mwanangu. Ule wa mti, aliokuwa akiushika."

Hapo akaelewa. Alikuwa ameuchoma. Kichwa kikigoma kutoka, wahunzi waliojifunza ukubwani kama yeye huitupa nyundo nzima kwenye makaa, mti ukaungua, chuma kikabaki. Ndivyo alivyofanya asubuhi ile, wala hakufikiri mara mbili. Kwake mti ulikuwa kuni tu. Kumbe ulikuwa umekolea jasho la Colby kwa miaka kumi na moja, mpaka ukawa mweusi pale kiganja kilipokaa.

"Umeuchoma," Lavonne alisema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Colby alikuwa mtoto wao wa pekee, fundi wa mitambo mgodini. Paa la mgodi lilimwangukia Februari, na wenzake wakarudisha nyundo aliyokuwa nayo siku hiyo. Burdette, dereva mstaafu wa basi la shule, alitaka kuifua iwe tomahoki, lile shoka dogo la kurusha. Kila Oktoba watu wa bonde lao hukusanyika siku tatu, wamevaa ngozi kama mababu zao, wakifyatua bunduki za baruti na kurusha tomahoki kwenye magogo. Mwenzao akifa, wazazi wake hurusha tomahoki mara moja kwa heshima yake, na uwanja mzima hunyamaza. Tomahoki ya Colby mwenyewe walikuwa wamemzika nayo.

"Kichwa bado kipo," Burdette alisema. "Nitakitengeneza vizuri, mke wangu. Nakuapia."

"Ukikiharibu na hicho, sina tena kitu alichokishika siku ile. Umenisikia?"

Alimsikia. Kwa wiki tatu alifanya kazi kama anayeshika yai. Alipasha, akagonga, akapasha tena. Upande mmoja wa kichwa ukalala, ukapanuka, ukawa ubapa mwembamba wenye tumbo kidogo. Ulikuwa mzuri. Katika miaka minne ya kujifurahisha na moto hakuwahi kufua kitu kizuri hivyo, na hakuona aibu kujisifu.

Ikabaki kuukazia makali: kuupasha hadi rangi fulani ya wekundu, kisha kuutosa kwenye mafuta. Rangi hiyo huonekana gizani tu, ndiyo maana alikuwa ameziba madirisha ya karakana kwa magunia.

Siku hiyo Lavonne aliingia na bakuli la maharage na mkate wa mahindi, akakaa juu ya ndoo. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga mle.

"Mzee mzima unachezea moto kama mtoto," alisema. "Na hicho kinachopuliza makaa si kikaushio changu cha nywele?"

"Nywele zenyewe ziko wapi?"

Lavonne akacheka, kidogo tu, halafu kikohozi kikamshika. "Fungua mlango basi. Unataka kunikausha kwa moshi na mimi?"

Angemwambia asubiri nje. Lakini mkewe alikuwa amecheka, na yeye alikuwa na kiu ya kicheko hicho kwa miezi saba. Akafungua.

Jua likajaa ndani. Chuma kikaonekana kimefifia, na Burdette akakiacha motoni. Bado, alijiambia. Bado kidogo. Kwa macho yake kilikuwa ndiyo kwanza kinakaribia. Kwa kweli kilikuwa kimepitiliza zamani. Alipokitosa, mafuta yalichemka, kisha chini yake kikalia tik, kama kikombe kinachopasuka.

Ufa ulitoka kwenye makali hadi kwenye tundu la mpini.

"Ni nini?" Lavonne alisimama. Akaona. "Kinaungika?"

"Hakiungiki. Kimeharibika ndani kote."

"Kwa nini?"

Jua la mlangoni lilikuwa linammulika Lavonne usoni. Burdette akaangalia chini.

"Nimekizidisha moto. Uzembe wangu."

"Mpini, sasa kichwa," Lavonne alisema. "Umemmaliza, Burdette."

Kesho yake mchana Nola, dada yake Lavonne, alikuja na gari kumchukua. Burdette alibeba sanduku, akaliweka kiti cha nyuma. Moyo ulikuwa unamuuma waziwazi, kama jino. Lavonne akashusha kioo.

"Hukuwa mzembe na kitu chake wewe. Nakujua," alisema. "Niambie kuna sababu nyingine, nitashuka."

Jibu lilikuwa mdomoni. Angeweza kusingizia chuma, lakini chuma kilikuwa cha Colby. Na akitaja mlango aliomwambia afungue, na jua lililomdanganya macho, Lavonne angeshuka, angerudi ndani, na angeubeba mlango ule mpaka kaburini.

"Hakuna," alisema.

Lavonne akapandisha kioo, na Nola akawasha gari.