Alichosema Gerishon Kwenye Sinema

Tangu polio inipooze miguu, kaka yangu Gerishon hakuwahi kunibeba mgongoni, mpaka siku aliyotazamwa na kamera.

Kamera ilikuwa ya Mwalimu Nicanor wa shule ya kanisa, hapa Yamumbi. Aliachiwa na mzungu aliyeuza shamba akarudi kwao baada ya uhuru. Mwalimu akataka kutengeneza sinema yake mwenyewe ya kufundisha wema na imani: mwanamke kiwete anatambaa kwenye matope kwenda kanisani, watu wanampita, mpaka mmoja mwenye huruma anambeba. Kiwete nikawa mimi, sikuhitaji kuigiza. Mwenye huruma akachaguliwa Gerishon, kwa kuwa ni mzee wa kanisa na ana koti.

Huruma gani! Baba yetu alinunua hisa ya shamba na wenzake, na kabla hajafa alisema ni letu sisi wawili. Gerishon akaandikisha jina lake peke yake kwa kamati ya wazee, ambao siku moja wangepima shamba na kumgawia kila mtu sehemu yake. Nilipomuuliza alicheka. "Utalima na nini, Wahu? Na magoti?" Ndiyo, na magoti. Nilipalilia mahindi yake nikiwa nimejifunga vipande vya tairi magotini, na kila nilipoomba, nilimwomba Mungu amvunje. Kupona sikuomba.

Siku ya kupigwa picha alizungumza njia nzima, maana kamera ile haikushika sauti. "Usinichafulie koti. Na hiyo shamba usahau kabisa. Ukisumbua wazee wa kamati tena, nitakurudisha kwa shangazi Murang'a ufie huko."

Nilimshika shingo tu.

Filamu ilipelekwa ng'ambo kuoshwa, ikarudi baada ya miezi. Jumapili baada ya ibada tukaziba madirisha kwa magunia, tukatundika shuka, na jenereta ya kuazima ikanguruma nje. Mwalimu alisimama kando akielezea. Gerishon alipoinama kunibeba, akina mama walilia kwa sauti. Midomo yake ilikuwa ikicheza pale kwenye shuka.

"Anaomba!" akasema Mama Tryphosa. "Ona vile anaombea dada yake!"

Mwalimu akanigeukia. "Wahu, alikuwa anasema nini hapo?"

Gerishon alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona ananiogopa. Lakini ningesema kweli, nani angeamini, na shuka inawaonyesha malaika? Basi nikadanganya, ndani ya nyumba ya Mungu, kwa sauti ya juu, nikiwakazia macho wazee wa kamati waliokaa benchi la mbele.

"Alikuwa ananiahidi. Alisema, 'Wahu, shamba la baba ni letu wawili. Siku ya kupima nitakubeba hivi hivi, tuzunguke mpaka wa sehemu yako yote, majirani waone.'"

Makofi na vigelegele! Mwenyekiti wa kamati akaenda kumshika Gerishon mkono. Afanye nini? Akikana, ataulizwa alikuwa akisema nini basi. Alitabasamu kama mtu mwenye jino bovu.

Siku ya kupima ilifika na mvua yake. Kwetu mpaka hutembelewa: mwenye sehemu huenda kigingi hadi kigingi, majirani nyuma yake, ndipo kamati humkubali. Nilishiba githeri, mahindi na maharagwe, asubuhi ile makusudi, niwe mzito. Magoti yangu yalipaka koti matope mbele na nyuma. Nusu ya njia mwenyekiti akasema inatosha, tumeona. Nikasema hapana, Mzee, nataka vigingi vyote.

Kwenye mteremko Gerishon akaanguka kwa magoti. Akabaki hapo akihema, mikono ndani ya tope, kisha akaanza kulia.

"Nisamehe, Wahu. Mungu ameniona. Nisamehe, dada yangu."

Wanaume wakavua kofia, akina mama wakaanza kuomba. Niliyatazama machozi yale nikajua ni ya kweli, na nikakasirika, kwa sababu nilikuwa bado sijamaliza kumchukia.

"Nimekusamehe," nikamwambia, nikakaza mikono shingoni mwake. "Sasa inuka. Bado upande wa mto."