Siku Chuma Kilipofungiwa Stoo

Jumanne ile kila kitu kilianza kuharibika kabla hata ya chai ya vibarua, pale nyapara alipoingia kwenye ujenzi akiwa amefuatana na kijana wa manispaa mwenye viatu visivyojua matope. Vibarua walikuwa wamekwisha kumpa jina: Bwana Kelele. Maana kama yupo bwana afya wa kukagua vyoo na bwana shamba wa kukagua mazao, huyu aliyetumwa kukagua masikio ya watu naye apewe cheo chake.

Mkononi alishika kipimo chake cha kelele, kidude cha ukubwa wa simu chenye sponji kichwani. Alikielekeza juu, ghorofa ya tatu, alikosimama Kengele kwenye jukwaa la mirunda.

Kengele si jina alilopewa na mama yake. Lilitokana na kazi. Yeye ndiye aliyeteremsha mizigo kwa kamba na kapi, na kabla ya kuteremsha chochote aligonga kipande cha reli kilichoning'inia ubavuni pake. Ngo, ngo, ngo. Waliokuwa chini wakisikia hivyo waliacha walichoshika, wakasogea. Hawakufikiri, kama vile mtu hafikiri kufumba jicho vumbi linapokuja.

"Hicho chuma kishuke," Bwana Kelele alisema.

"Kishuke kiende wapi?" Kengele aliuliza kutoka juu.

"Stoo. Ukumbi wa jirani una mkutano, kuna wageni wakubwa. Sheria ya kelele iko wazi, mzee. Hakuna kugonga chuma, hakuna filimbi, hakuna mashine ya zege mpaka wamalize."

"Na nikiteremsha mbao, wa chini watajuaje?"

Kijana alipunga mkono hewani. "Punga kitambaa chekundu. Mbona trafiki hupunga mkono na magari yakasimama?"

"Magari macho yako mbele, baba. Hawa wanasukuma toroli, macho yako kwenye tairi."

"Basi mbao zisubiri," mchanganya zege mmoja alidakia.

Nyapara aligeuka. "Zisubiri nini? Tajiri anazitaka upande wa pili leo hii." Kisha akainua uso kwa Kengele, sauti ikiwa imelegea. "Kaka, nishushie hicho chuma, usinitafutie maneno. Wakitufungia, hawa watu wote utawalisha wewe?"

Kengele aliwatazama hao watu wote. Unga ulikuwa umepanda tena wiki ile. Kati yao, ameegemea toroli, alikuwapo shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe. Kazi ile alimtafutia yeye mwenyewe. Mkewe alipokuwa akihangaika na pumzi zake za mwisho, katika wodi ambayo mtungi wa hewa ulisubiri sahihi ya mtu aliyekwenda kula, hakuulizia nyumba wala nguo. Alisema, "Mwangalie huyu mdogo wangu, ana haraka." Tangu hapo Kengele alikuwa akimwangalia kwa chuma.

Alikifungua kile chuma, akakiteremsha kwa kamba. Shemeji yake akakipokea, akakibeba kama mtoto aliyelala.

"Pole, shemeji," alimpigia kelele. "Leo wamekung'oa ulimi. Dada angekuwepo angepumzika. Alikuwa akisema ukikoroma hata jogoo anaahirisha kuwika."

Watu wakacheka. Kengele naye alicheka.

"Wewe leo utembee unatazama juu," alimwambia.

"Nikitazama juu nitaanguka na toroli, unicheke mpaka uzeeni."

Stoo ikafungwa, ufunguo akatia mfukoni nyapara. Mashine ikazimwa, wakachanganya zege kwa makoleo. Kwa muda ujenzi ulikuwa kimya kiasi cha kusikia mchanga ukimwagika. Halafu, ng'ambo ya ua wa mabati, spika zikafunguliwa. Kwanza muziki, halafu mtu wa kuhesabu moja mbili, moja mbili, halafu hotuba. Mabati yalitetemeka. Misumari ndani ya kopo ikacheza.

Kengele alimwona Bwana Kelele akipita chini, akamwita. "Mwanangu, na ile?"

"Ile ina kibali."

"Kwa hiyo kelele ikigongwa muhuri inakuwa nini?"

"Inakuwa shughuli," kijana alijibu, wala hakuwa anatania. Akaendelea na kipimo chake.

Kengele alifunga fungu la kwanza la mbao. Akapunga kitambaa. Mtu mmoja alikiona, akawasogeza wenzake. Fungu la pili likashuka salama. La tatu, kitambaa kilipungwa, njia ikawa tupu, akaanza kulegeza kamba. Hapo ndipo shemeji yake alipochomoza kwenye kona ya ukuta, ameinamia toroli lililojaa zege, anafuata ubao mwembamba uliolazwa juu ya matope.

Kengele aliikaza kamba. Fungu likasimama ghafla, likayumba, na ubao mmoja mbichi, mzito kwa maji ya zege, ukachomoka katikati ya wenzake.

"Toka chini!"

Alipiga ukelele mpaka koo likachanika. Ng'ambo ya ua mgeni rasmi alikuwa akisema wananchi wana haki ya utulivu, na watu wakapiga makofi. Kati ya sauti ya mgane mmoja na spika za serikali, masikio ya shemeji yake yalipata makofi.

Ubao ulimpata mgongoni.

Kengele hakukumbuka baadaye alishukaje. Alikumbuka zege likimwagika polepole karibu na uso wa shemeji yake, na yeye akilizuia kwa mikono. Alikumbuka watu wakipungia magari ya wageni yaliyoziba lango, wakiomba moja lisogee limchukue majeruhi, na madereva wakionesha kidole mdomoni kwamba mkutano unaendelea.

Basi akachukua sururu, akavunja mlango wa stoo. Akakitoa chuma, akakining'iniza kwenye nondo ya lango, akagonga. Aligonga mpaka hotuba ikakatika. Aligonga mpaka vichwa vikajitokeza juu ya ua.

Bwana Kelele alikuja mbio. "Nani ameruhusu chuma kitoke? Mzee, umevuka kiwango." Kipimo kilikuwa bado kimeinuliwa. Kisha akaona kilicholala nyuma ya toroli, na mkono wake ukabaki hewani na kile kidude.

Gari likapatikana.

Hospitalini, jioni, kwenye korido nyapara alizungumza kwa simu, amegeukia ukuta. "Ndiyo, mheshimiwa. Sheria tuliifuata yote." Bwana Kelele alikuwa amekaa kwenye benchi, viatu vyake sasa vikiwa na matope. Daktari alikuwa ameshasema kuhusu miguu, kwa maneno machache: shemeji hatatembea tena.

Nesi aliwaruhusu wote watatu waingie. Shemeji alifungua macho, akazungusha shingo mpaka akampata Kengele. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa tu, kama mtoto, kana kwamba amesahau kuwa chuma alikibeba yeye mwenyewe.

"Shemeji," aliuliza, "mbona hukugonga?"

Kengele alimgeukia nyapara. Nyapara akamgeukia Bwana Kelele. Bwana Kelele akatazama viatu vyake.