Basi la Wafanyakazi wa Kudumu

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mlango wa ofisi ulimfungukia Willis Oketch na ukamkatalia Austine Bwire. Kadi ya Willis ilikuwa ya buluu, ya mfanyakazi wa kudumu. Ya Austine ilikuwa ya manjano, ya mtu wa kandarasi, na kadi za manjano hufa kila baada ya miezi mitatu mpaka mkataba utiwe saini upya. Hii ilikuwa mara ya ishirini na tatu.

Willis akamshikilia mlango.

"Ingia, boss. Mlango hauna akili."

Kampuni yao hupitisha mizigo mpakani Malaba. Mfumo wake wa kompyuta ukilala, malori hayatoki. Kazi ya kuuamsha ilikuwa ya hao wawili, na aliyeufahamu zaidi ni Austine, kwa kuwa ndiye aliyeujenga. Ila mtu wa kandarasi hakuruhusiwa kuingia kwenye seva kwa jina lake. Kwa miaka sita Austine aliingia kwa jina la Willis na kwa neno la siri la Willis. Wakubwa walijua.

Siku hiyo hakuja kufanya kazi. Mama yake alikuwa amefariki Jumapili, na mazishi yalipangwa Jumamosi nyumbani Busibwabo. Alikuja kuomba basi.

Kwao, mfiwa aliyeajiriwa huzika pamoja na kazi yake. Basi la ofisi huja, wenzake huketi mstari wa mbele kwa sare, shada huwekwa juu ya jeneza, na mmoja wao huitwa kwenye maikrofoni. Wasipokuja, watu hukumbuka. Austine alikuwa kifungua mimba, na baba yake hakuwa hai. Kusema kwa niaba ya nyumba kulikuwa haki yake. Lakini baba yake mdogo, Protus, alikwisha kuuambia ukoo: "Miaka sita tunaambiwa kijana ana kazi Malaba. Jumamosi tutawaona hao wenzake. Tusipowaona, mimi ndiye nitasemea nyumba hii."

Bridgit Among, afisa wa wafanyakazi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana kwa mama, Austine. Lakini basi ni la wale wa kudumu."

"Mama ya Oyoo akizikwa kule Alupe, nilipanda hilo basi. Ni mimi nilishika maikrofoni."

"Ulienda kama nani?"

"Kama mwenzake."

"Fomu haina nafasi ya hiyo." Aligeuza skrini ili aone mwenyewe. "Wewe uko huku, kwa wauzaji wa huduma. Kati ya mtu wa maji na mtu wa dawa ya mchwa. Mama ya mtu wa maji akifa, sisi huenda?"

Nje, Willis alicheka aliposimuliwa.

"Achana na yeye. Mimi na wewe tuna tofauti gani? Kiti ni kimoja, neno la siri ni moja, hata kikombe ni kimoja. Nitakuja na watu, boss. Andika kwa ratiba."

Austine aliandika. Ratiba zilichapishwa Busia mjini, nakala mia mbili: saa sita kamili, wafanyakazi wenzake kutoka Malaba. Jumanne Willis aliliomba eneo la boma kwenye ramani ya simu, akalituma katika kundi la ofisi.

Jumatano alifariki baba mkwe wa Jentrix, mpokea wageni aliyeajiriwa wiki tisa zilizopita. Kadi yake ilikuwa ya buluu, na fomu ilikuwa na nafasi ya baba mkwe. Mazishi: Jumamosi, Butula. Basi likatolewa. Willis aliandika jina lake katika orodha ya wasafiri. Hakumpigia Austine.

Jumamosi asubuhi dereva, Elungat, alifungua kundi la ofisi, akabonyeza ramani ya kwanza aliyoikuta. Ilikuwa ile ya Jumanne.

Saa tano na dakika hamsini basi lilisimama mbele ya boma la Busibwabo. Mwongoza ratiba alilisoma jina la kampuni ubavuni.

"Wenzake Austine wamefika! Kwaya, tupishieni hao viti! Malaba, karibuni!"

Wanawake wakaenda kuwapokea kwa wimbo. Walishuka watu ishirini wenye fulana za buluu, Bridgit mbele. Shangazi yake Austine, Senge Wilkister, alilichukua shada kutoka mikononi mwake, akalipeleka akicheza taratibu na kuliweka juu ya jeneza. Protus alisimama, akavua kofia.

Austine alitoka kando ya jeneza.

"Asante, madam. Asante sana."

Bridgit alimtazama yeye, kisha picha ya mwanamke iliyoegemezwa kwenye jeneza. Mwongoza ratiba alikuwa amekwisha kumwekea maikrofoni mdomoni.

"Samahani," Bridgit alisema, na spika zote nne zikalirudia neno hilo. "Tumekosea matanga."

Kijana wa bohari aitwaye Brayo alimnong'oneza: "Madam, si ni Austine huyu? Tukae tu dakika tano."

"Jentrix anangoja. Na shada lina jina la mzee wake."

Alilichukua juu ya jeneza yeye mwenyewe. Watu ishirini walirudi kwenye basi. Kwenye kiti cha nyuma, upande wa dirisha, alikuwako mmoja ambaye hakushuka kabisa. Austine alimwona. Willis akavuta pazia.

Protus alivaa kofia yake.

"Kazi ya kijana imepita, tumeiona," alisema kwenye maikrofoni. "Sasa naomba niisemee nyumba."

Watu wengine walicheka. Austine alirudi kando ya jeneza.

Saa sita na dakika ishirini simu yake iliita. Alikuwa Willis, kutoka ndani ya basi.

"Boss, pole kwa hayo. Sistemu imelala. Malori yamesimama mpaka Amagoro. Ingia na jina langu kama kawaida."

"Willis, ninazika."

"Najua. Lakini madam anasema nikukumbushe kile kipengele cha tisa."

Kipengele cha tisa kilisema mtu wa kandarasi huitikia ndani ya nusu saa, siku yoyote, la sivyo mkataba umekwisha. Mkataba mpya wa Austine ulikuwa juu ya meza ya Bridgit, haujatiwa saini.

"Na wewe je?"

"Mimi leo niko ruhusa ya matanga. Kisheria siwezi guswa na kazi."

Austine aliingia nyumbani, akatoka na kompyuta yake. Mstari wa mbele ulikuwa bado mtupu, na hapo ndipo mtandao ulipokuwa na nguvu. Akaketi katika kiti cha katikati.

Jeneza liliteremshwa saa saba kasoro dakika nane.

"Austine, udongo," Senge Wilkister aliita.

Hakuinua kichwa. Akaita tena. Mara ya tatu Protus aliuchukua udongo, akautupa kwa niaba yake.

Saa saba na dakika mbili mfumo uliamka na malori yakaanza kutoka. Rejista ya seva iliandika jina la aliyeuamsha: Willis Oketch.