Milima ya Profesa Grimelund

Kwa miaka mitatu Gudrid Skage alichora ramani ya sakafu ya bahari, na malipo aliyoyataka moyoni yalikuwa kitu kimoja tu: jina lake liandikwe pembeni, hata kwa herufi za sisimizi. Profesa Grimelund alimwahidi. Kuahidi hakukuwahi kumshinda mtu yule.

Kila kiangazi meli yao ya utafiti ilitoka Bergen kuelekea Uingereza, ikikokota ndoo ya chuma chini kabisa. Kila mara ndoo ilipanda na mawe meusi, mepesi, yenye matundu. Profesa nusura acheze ngoma. Volkano! Safu nzima ya volkano, imenyooka kama rula, na yote ingeitwa Milima ya Grimelund.

Mons, mpishi wa meli, aliligeuzageuza jiwe moja, akaliweka kando ya birika la kahawa.

"Hili nalijua," akamwambia Gudrid. "Miaka ishirini nilitia makaa ya mawe kwenye meli za barua. Haya ni mabonge ya tanuri, masalia ya makaa yaliyoungua, binti yangu. Tulikuwa tunayamwaga baharini kila zamu, njia hii hii."

Gudrid akaenda mbio kumwambia Profesa. Profesa alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Kwa hiyo siku hizi jiolojia tunafundishwa na mkaanga samaki? Nenda kachore, bibie. Tena, lile jina lako nimelifuta. Ramani imejaa."

Iliuma. Gudrid alilia, akapenga kamasi, kisha akaliandika jina la Profesa peke yake, kwa herufi kubwa, kama alivyoagizwa.

Siku ya mhadhara ukumbi ulifurika mabwana wenye ndevu na vitambi. Ramani ilitundikwa ukutani. Kwa mbwembwe, Profesa akaagiza jiwe kubwa kuliko yote lipasuliwe mbele yao. Msumeno ukakwama. Ikaletwa nyundo. Jiwe likapasuka, na katikati yake, limetulia kama kokwa ndani ya tunda, kulikuwa na bolti la chuma na nati yake.

Mabwana wa mbele wakanyoosha shingo kuona. Kisha mtu wa nyuma akauliza kwa upole, "Samahani, Profesa, hiyo volkano ilikazwa kwa spana namba ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Profesa akawa mwekundu hadi masikioni.

"Ramani ilichorwa na Bi Skage!" akapaza sauti. "Simama, Bi Skage, usione haya! Kazi yote hii ni yake!"

Gudrid akasimama, akaenda hadi ukutani, akapitisha kidole pembeni mwa ramani, taratibu, kila mtu akimwona.

"Nalitafuta jina langu, Profesa," akasema. "Silioni. Ramani imejaa."