Mnara wa Meya

Kila aliyekuja kulipia maji aligonga miguu ya ubao wa kuchorea, naye Veturia akaendelea kuchanganya rangi nyeupe na buluu kama yuko kwake. Tangu asubuhi alikuwa akichora ndani ya ofisi ya mji, mbele ya macho ya karani. Ndiyo sheria mpya: anayetaka kuuza picha darajani achore hadharani, ijulikane kwamba haleti picha za kiwandani. Kibali chake kilikuwa kinaisha leo, na bei ya kuni ilikuwa haishikiki. Bila lile daraja, baridi ya mwaka huu ingemmaliza.

Alichora alichokiona dirishani: mto, miti iliyopukutika, na vilima vitatu ndani ya ukungu wa Novemba. Kadiri kilima kilivyokuwa mbali ndivyo alivyokizidishia nyeupe na kuzilainisha kingo zake, mpaka cha mwisho kikakaribia kuwa mbingu. Ilimtoka vizuri, akafurahi.

Karani Bucșa akaja na kikombe chake cha chai. "Mama Veturia, mnara uko wapi?"

"Mnara gani tena, mwanangu?"

"Wa mheshimiwa meya, kule kilima cha mwisho! Kaujenga miaka minne, wewe unaufuta kwa asubuhi moja?"

"Chungulia mwenyewe. Unauona?"

Bucșa akachungulia. Ukungu mtupu. "Sikuulizwa naona nini mimi. Imeandikwa kwenye masharti ya kibali: vivutio vya mji vionekane."

"Ili uonekane lazima niuchore mweusi, na kilima kizima kitaruka kije mbele. Umbali utakufa."

"Basi na ufe. Saa nane tunafunga, mama."

Foleni ikaangua kicheko. "Mpe mnara wake, dada," mzee mmoja akalalamika, "miguu inatuuma!"

Hasira zilimpanda Veturia. Akachovya brashi kwenye nyeusi, akausimamisha mnara. Lo! Picha ikaharibika papo hapo.

"Sasa hiyo ndiyo picha!" Bucșa akagonga muhuri kwenye kibali kipya.

Kule darajani Veturia alikisoma kibali mara tatu. Mwaka mzima! Akashusha pumzi ndefu, machozi yakamlengalenga, kisha akacheka peke yake. Rangi ya mafuta haikauki kwa siku moja, na Bucșa wa watu hakulijua hilo. Akatoa tambara, akaufuta mnara taratibu, akarudishia nyeupe iliyobaki hadi kilima kikarudi mbali. Picha hiyo akaitundika mbele ya zote, ikitazamana na dirisha la ofisi.