Mkono Uliofaulu Mtihani

Asubuhi ile Mama Kola alisimama katikati ya chumba amenyoosha shingo kama mtoto anayevishwa, na mumewe akamfunga vifungo vya gauni la kazi, kimoja baada ya kingine, kutoka juu kushuka chini. Seremala yule alikuwa na vidole vinene vyenye mabaka ya gundi, lakini vifungo vilimtii. Vidole vya mkewe vya mkono wa kulia vilikuwa vyembamba na safi, na havikuweza kufunga hata kimoja.

"Chai umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Basi nenda kawaonyeshe. Waliosema umekwisha watakuja kukupigia magoti."

"Wakipiga magoti nani atakaa kwenye mashine?" alisema Mama Kola, na wote wawili wakacheka. Mtu anayefungwa vifungo ili aende kushona nguo za wenzake asipocheka atalia, na kilio kinachelewesha kazi.

Jina la Mama Kola alilipatia kiwandani. Kola za mashati ndizo zilizokuwa kazi yake, na kola ni kitu kikaidi. Ncha zake mbili lazima zilingane kama masikio ya kichwa kimoja. Moja ikizidi kidogo tu, shati zima linaonekana limelewa. Wenzake walikuwa wakimletea kola zilizowashinda, naye alizigeuza kwa kuzipapasa tu, huku anapiga soga, macho yake yako kwingine kabisa.

Kisha akaumia. Mashine ya kukatia vitambaa ilikuwa na kikingio cha chuma, na kikingio kile kiliondolewa kwa amri ya wakubwa kwa sababu kilipunguza kasi. Mama Kola alipita pale na furushi la vitambaa, akateleza, akashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa kisu. Hospitali walimshona kiganja na kifundo cha mkono. Vidole vikarudi kukunjika na kukunjuka, lakini vitatu kati ya hivyo havikurudi kuhisi. Ungemwekea kaa la moto asingejua mpaka asikie harufu.

Kiwanda kilisema ni ajali kazini, na kwamba nafasi yake itamsubiri mpaka hospitali iseme mkono umepona. Wakati ule maneno hayo yalisikika kama wema.

Hospitali, kwenye chumba cha mazoezi ya mikono, kulikuwa na binti mmoja mpole aliyewafundisha watu upya kazi za mikono yao: kushika kijiko, kukamua kitambaa, kufungua mfuniko. Mama Kola alimpenda binti yule. Hata walipokuja watafiti na vitambulisho vyao shingoni, alikubali kwa ajili yake. Watafiti walitaka kujua kama mgonjwa anaweza kupona kwa kuhudhuria mazoezi mara chache kuliko zamani. Wagonjwa waliulizwa kama wako tayari, na wote wakasema ndiyo. Nani amkatalie mtu wa hospitali naye bado anamhitaji?

Kipimo chao kilikuwa ubao wa matundu. Unatoa vijiti vidogo kwenye kibakuli, unavichomeka kwenye matundu, unavitoa tena, na pembeni binti amebonyeza saa. Mara ya kwanza vijiti vilimponyoka Mama Kola, vingine vikaviringika hadi chini ya kabati, na mtafiti mmoja akapiga magoti kuvitafuta. Mama Kola alirudi nyumbani na aibu yake.

"Ubao gani huo wa kumshinda mke wangu?" seremala aliuliza. "Unene wake? Matundu yamekaaje?"

Mama Kola akamweleza. Mtu wa kukata na kushona hasahau kipimo alichokiona. Seremala alichukua kipande cha mbao kilichobaki kwenye kabati la mteja, akakitoboa, akachonga vijiti na kuvipiga msasa mpaka vikawa laini kama mifupa ya samaki. Kila alipomaliza kuosha vyombo, Mama Kola aliketi mkekani na ubao wake. Yeye na mumewe walikuwa wamekubaliana kwamba huo ni mtihani kama wa shule: ukifaulu unapandishwa darasa. Akishinda vijiti, walisema, ndipo atapewa sindano na kitambaa, na hapo ndipo dawa yenyewe ilipo. Hakuna aliyewaambia hivyo. Wala hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Akajifunza. Vidole havikujua kama vimeshika kijiti au hewa, basi macho yakafanya kazi ya vidole, na bega likafanya kazi ya kiganja. Kipimo kiliporudiwa aliwashinda wagonjwa wote. Watafiti wakatabasamu. Mkuu wa kitengo akaja mwenyewe kumpa mkono, akautikisa ule wa kulia kwa furaha, na Mama Kola ilimbidi autazame ili ajue kama umeshaachiliwa.

"Hongera, mama. Umepona."

Alisema asante. Barua ya hospitali ikatangulia kiwandani kabla yake.

Msimamizi wa mstari wao waliyemwita Bi Haraka alimpokea na rundo la kola.

"Karibu tena. Pumziko limekunenepesha."

"Nilikuwa mgonjwa, dada, sikuwa harusini."

"Ulikuwa. Sasa umepona. Kaa."

Mama Kola akakaa, akakanyaga pedali, na mashine ikanguruma kama mbwa anayemkumbuka bwana wake. Kola ya kwanza ilikwenda upande. Ya pili ikajikunja. Kitambaa si kijiti. Kijiti kinasimama kikusubiri, kitambaa kinateleza, na wa kukujulisha kuwa kinateleza ni kidole, si jicho. Akainama karibu zaidi. Nyuma yake kola zilianza kurundikana, na mwenzake wa mbele akawa amekaa bure anamsubiri. Akaongeza kasi.

Alichokiona kwanza ni wekundu kwenye kitambaa cheupe. Alidhani ni uzi wa rangi umeingia. Alipojaribu kugeuza kola ndipo alipoona haigeuki, kwa sababu sindano ilikuwa imeshapita kidoleni mwake mara kadhaa na kukishona pamoja na kola.

Yule mwenzake wa mbele ndiye aliyepiga kelele. Bi Haraka alikuja mbio, akazima mashine, akakata uzi, akainua mkono wa Mama Kola kwa ncha za vidole. Kisha akavuta kitambaa kutoka chini yake.

"Angalia. Angalia ulivyochafua. Mashati haya yanaondoka leo."

"Sikusikia sindano, dada. Mkono huu hausikii."

"Hospitali imesema umepona. Sasa nimwamini nani, hospitali au wewe?"

"Amini damu."

"Damu haina mhuri," alisema Bi Haraka. "Kesho njoo na mkono unaofanya kazi. Kama huna, usije."

Mama Kola akafungwa kipande cha kitambaa cha kupigia deki, akatoka. Njia nzima mpaka hospitali alikuwa anatweta, na si kwa uchovu.

Binti wa mazoezi alifungua kile kitambaa, akaosha kidole, akakitazama.

"Mama, kweli hukusikia?"

"Ningesikia ningetoa mkono, mwanangu."

"Lakini kwenye ubao ulifanya vizuri kuliko wote."

"Mume wangu alinichongea ubao kama wenu. Tukafanya kila siku. Si mlisema tujitahidi?"

Binti akaketi. Akakifunga kidole bendeji. Kisha akamshika Mama Kola kiwiko, wakaenda pamoja ofisini kwa mkuu wa kitengo.

Mkuu alikuwa anapanga karatasi zake kwenye mkoba. Alisikiliza amesimama.

"Takwimu za kwanza zimeshatumwa," alisema. "Na zimependeza. Kuanzia mwezi ujao wagonjwa wa mikono watahudhuria mara chache. Imethibitika kuwa inatosha."

"Imethibitika kwa mkono huu?" Mama Kola aliuliza, akauinua na bendeji yake.

"Si wako peke yako, mama. Usijipe ukubwa."

"Basi nirudishwe kwenye mazoezi."

"Faili lako limefungwa. Leta barua ya kiwanda kwamba umeumia, tuanze upya."

"Kiwanda kinasema nimepona kwa sababu ninyi ndio mmesema nimepona."

"Kama kiwanda na hospitali wanakubaliana," mkuu alisema, akivuta zipu ya mkoba, "mimi ni nani niwapinge?"

Binti akaingilia. "Mkuu, tulimpima vijiti. Kushona hatukumpima."

"Mkataba wako unaisha lini vile?"

Binti akageuka, akarudi kwenye chumba chake cha mazoezi.

Mama Kola alitoka. Angeweza kwenda nyumbani. Kidole sasa kilikuwa kinapwita mahali fulani juu ya kifundo, ambako maumivu bado yalikuwa na njia. Lakini kwenye korido, kwenye benchi, walikuwa wamekaa watu na mikono yao mapajani kama mizigo ya watu wengine. Akajibana katikati yao.

"Mnasubiri ubao?"

"Ubao," alijibu dereva wa lori aliyepooza mkono mmoja. "Wanasema leo wananipima."

Pembeni yake mama mfua nguo alitabasamu. "Mimi siogopi. Nyumbani nafanya na njiti za kiberiti. Sasa hivi sidondoshi hata moja."

Mama Kola akamgeukia. "Nguo unaweza kukamua?"

"Kukamua bado."

"Basi acha njiti."

"Niache tena? Na nilivyofika mbali?"

"Huko unakofika ndiko nilikotoka asubuhi, dada yangu. Ukifaulu hawakupandishi darasa. Wanakufukuza shule." Akafungua bendeji, akawaonyesha kidole, na bila kupunguza sauti akawasimulia yote: ubao wa mumewe, pongezi, sindano, damu isiyo na mhuri. Mama mfua nguo akauficha mkono wake ndani ya kanga kama aliyekamatwa na kitu cha wizi.

Mkuu alitokeza, na mkoba wake, na mlinzi nyuma yake.

"Mama, unatuharibia utafiti."

"Hata mimi nimeharibiwa. Mbona kwa hilo hukutoka ofisini?"

"Mtoe," mkuu alimwambia mlinzi.

Mlinzi alimsogelea, akasita hajui amshike wapi, akaishia kusema, "Twende, shangazi." Mama Kola akainuka, lakini polepole, kama mtu mwenye haki ya kwenda polepole. Wakati huohuo binti aliita anayefuata, na dereva wa lori akaingia. Mlango ulibaki wazi. Ubao uliwekwa mezani, na kibakuli, na saa.

Dereva aliutazama ubao lakini hakugusa kijiti.

"Binti, mimi kazi yangu lori. Nipime kushika usukani."

"Hatuna usukani, baba."

"Basi andika kwamba hamna."

"Hakuna sehemu ya kuandika hivyo," alisema mkuu kutoka mlangoni. "Baba, chukua vijiti, watu wanasubiri."

"Wanasubiri nini?" dereva aliuliza. Mkono wake mzima ukasukuma kibakuli taratibu hadi upande wa pili wa meza.

Kwenye benchi hakuna aliyesogea kuchukua nafasi yake. Mlinzi alimgusa Mama Kola begani. "Shangazi, nitafukuzwa mimi."

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema. Alijua kesho kiti chake kiwandani kitakaliwa na mwingine, mwenye vidole kumi vinavyohisi. Alijua pia kwamba binti yule ana kodi ya nyumba na mkataba wa kubembeleza. Akasimama pale pale mlangoni, akamkazia macho, mpaka binti alipoachia saa, akashika kalamu na kuanza kuandika pembezoni mwa karatasi, mahali pasipo na mstari.